Jicho la msimulizi liko wapi? Mwongozo wa nafsi, nyakati na vionyeshi katika hadithi fupi

Shuleni tulifundishwa kwamba wasimulizi ni wa aina mbili tatu: wa nafsi ya kwanza, wa nafsi ya tatu, na yule msimulizi maizi anayejua kila kitu hadi ndoto za kuku. Tukajibu mtihani, tukapata alama, basi. Nilipoanza kuandika hadithi zangu mwenyewe niliona kuwa jibu lile halinifikishi mbali. Nafsi nimeshachagua, lakini hadithi inayumba, na msomaji hajui asimame wapi.

Nilichokuja kukitambua baadaye ni hiki: katika Kiswahili, mahali aliposimama msimulizi hapaonyeshwi na nafsi peke yake. Panaonyeshwa na vipande vidogo vilivyobanwa ndani ya kitenzi, na *huyu* na *yule*, na kuja na kwenda, na hata neno moja kama *kumbe*. Ukikosea kimoja tu, jicho limehama bila ruhusa yako.

Nitatumia tukio moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali ni Pangani, jioni, kwenye kivuko. Pantoni inavuka mto kutoka Bweni, ng'ambo ya kusini. Salama, mtoto wa miaka 11, anamsubiri baba yake, Hamadi, anayerudi kutoka Mkwaja. Hamadi anashuka. Pamoja naye yuko mwanamke ambaye Salama hamjui, amebeba kapu la ukili. Hakuna zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Andika tukio likiwa bichi

Usichague chochote bado. Andika sentensi saba au nane upesi upesi. Zangu zilikuwa hizi:

*Pantoni ilifika. Watu walishuka. Hamadi alishuka na mwanamke. Salama alimwona. Mwanamke alikuwa na kapu. Alimsalimia. Salama hakuitikia. Walikwenda nyumbani.*

Ni rasimu mbovu, na ubovu wake ndio faida yake, kwa sababu haina jicho. Inasomeka kama maelezo ya shahidi kituo cha polisi. Sasa jiulize: kati ya wote waliokuwepo ukingoni, nani anapata hasara kwa kuliona jambo hili? Anaweza kuwa Salama. Anaweza kuwa Hamadi, aliyekaa njia nzima akitunga la kusema. Anaweza kuwa yule mgeni, ambaye hakuambiwa kwamba kuna mtoto. Anaweza pia kuwa Salama huyohuyo akiwa na miaka 50, akiwasimulia wajukuu. Salama mtoto na Salama bibi ni macho mawili tofauti, hata kama wote wawili watasema *nilimwona*. Mmoja hajui kinachofuata, mwingine ameshayapitia yote.

Hatua ya 2: Jaribu nafsi zote, hata zile usizozitaka

Ifanye kazi hii kwa mkono, usiifanye kichwani. Andika sentensi ileile kwa kila nafsi.

*Nilimwona baba akishuka.* Nafsi ya kwanza inaleta ukaribu, lakini inakufunga: huwezi kuingia moyoni mwa Hamadi. Ukitaka kuona jinsi nafsi inavyobadilisha kazi nzima, mtazame Shaaban Robert. Maisha yake mwenyewe aliyaandika kwa *ni-*, na ya Siti binti Saad kwa *a-*. Kalamu ni ileile, ila katika kimoja msomaji amekaa naye jamvini, na katika kingine amekaa mbele ya mtu anayemtukuza mwingine.

Angalizo dogo hapa. *Ni-* ikishakuwemo kwenye kitenzi, *mimi* haihitajiki. *Mimi nilinyamaza* maana yake wengine walisema. Kama hukukusudia kujilinganisha na mtu, ifute. Hadithi nyingi za wanaoanza zimejaa *mimi* na *yeye* zisizo na kazi.

*Unamwona baba akishuka.* Nafsi ya pili ni ngeni katika hadithi zetu, lakini si ngeni katika lugha yetu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, ni mama akizungumza na binti yake kwa wasia. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akisikia *u-* kwa muda mrefu, anasikia mtu anayeusiwa au anayekaripiwa. Itumie kama ndicho unachotaka, kwa mfano Salama mtu mzima akijikaripia kwa jambo alilolifanya siku ile. Kama hutaki karipio, iache.

*Tulimwona Hamadi akishuka.* Hii naipenda kupita kiasi, nakiri. *Tu-* ni sauti ya baraza, ya wauza karanga, ya mtaa unaojua mambo ya nyumba ya mtu kabla mwenye nyumba hajayajua. Lakini mtaa hauna moyo mmoja. Ukitaka uchungu wa Salama, *tu-* itauona usoni tu.

*Salama alimwona baba yake akishuka.* Hii ndiyo nitakayoendelea nayo, kwa sababu ndiyo inayotumika sana, na ndiyo yenye mitego mingi.

Hatua ya 3: Wapange wenye *a-*

*Alimwambia amfuate nyumbani kwake.* Watu watatu wamesimama mchangani. Nani kamwambia nani amfuate nani, na nyumbani kwa nani? Kiambishi *a-* hakibagui mwanamume na mwanamke, na *-m-* vilevile. Wengine wakibanwa hapo hukimbilia *yeye*, ambayo haiongezi kitu. Wengine hutaja majina kila sentensi, hadithi ikawa kama hukumu ya mahakama.

Dawa yake ni kumpa kila mtenda zamu yake. *Hamadi alishuka, akatua begi, akajifuta jasho.* Mradi mnyororo wa *-ka-* haujakatika, msomaji anamshikilia Hamadi. Mtenda akibadilika, mtaje mpya, na ikiwezekana umfungulie mlango kwa *naye*: *Salama alimkazia macho. Mgeni naye akamtazama.* Neno hilo la herufi nne linaondoa utata mwingi. *Kwake* iliyokosa mwenyewe igeuze iwe *kwa Salama* au *kwao*, usione haya.

Lakini kabla hujaulaani utata huu, ujue ni mali pia. *Hamadi alishuka na mtu. Alikuwa amejitanda shuka jeupe hadi puani, kakumbatia kapu.* Unaweza kwenda ukurasa mzima bila msomaji kujua kama mtu huyo ni mwanamume au mwanamke, na hujadanganya mahali popote. Wanaoandika kwa lugha zinazotenganisha jinsia kwenye kila kiwakilishi hawana bahati hiyo.

Hatua ya 4: Amua nani anaitwa nani, na nani ndiye anayemwita hivyo

Linganisha:

*Hamadi alishuka.*
*Baba yake alishuka.*
*Baba alishuka.*
*Mume wa Mwanaidi alishuka.*

Mtu ni mmoja, macho ni manne. Sentensi ya kwanza iko mbali. Ya pili imekaa begani kwa Salama. Ya tatu imeingia kichwani mwake, ingawa kitenzi bado ni cha nafsi ya tatu, maana ni Salama tu anayeweza kumwita *baba* bila kusema ni baba wa nani. Ya nne ni ya jirani aliyeshika kiuno. Ukiandika *Baba alishuka* halafu aya hiyohiyo ukasema *Hamadi aliona aibu*, umetoka kichwa cha mtoto ukaingia cha mzazi, na msomaji amejikwaa hata kama hajui ni wapi.

Na yule mgeni je? Mtoto aliyelelewa Pangani atamwita *yule mama*, hata akimchukia, ndivyo alivyofunzwa. Siku atakapomwita *yule mwanamke* moyoni mwake, vita vimeanza, na hukuhitaji kuandika *Salama alikasirika*. Vivyo hivyo salamu. Katika rasimu yangu bichi, mgeni ndiye aliyemsalimia Salama. Kwa desturi, mtoto ndiye wa kutoa shikamoo. Mkubwa akimwanza mtoto, ama mtoto amekosa adabu ama mkubwa anaomba kitu. Hapo nina kisa ambacho sikujua ninacho.

Jihadhari pia na ngeli. *Jimama lile likashuka* na *kimama kile kikashuka* si maelezo ya umbo peke yake, ni maoni. Kama maoni ni ya Salama, sawa, tumekaa naye. Kama ni ya msimulizi aliyejificha, basi amejitokeza, na msomaji ana haki ya kuuliza yeye ni nani hata amdharau mtu.

Hatua ya 5: Nyakati

Hapa tutakaa, maana hapa ndipo kazi ilipo.

*-li-* inafungua mlango, *-ka-* inapita. *Pantoni iligota ukingoni, mlango ukateremshwa, watu wakamwagika, baba akashuka.* *-ka-* inasema hili, halafu hili, halafu hili. Bibi zetu waliitegemea kwa sababu sikio linataka kusonga: hapo zamani za kale paliondokea mtu, akaoa mke, wakazaa mtoto. Kwenye karatasi, *-ka-* kumi mfululizo ni mtoto aliyetumwa dukani, anakimbia tu. Zikate. Baada ya mnyororo, *-li-* mpya ni kama mguu uliopigwa chini: *Watu wakashuka, wakatawanyika, wengine wakapanda bodaboda. Baba alisimama.* Umeona jicho lilivyotua?

Unapotaka kukanusha katikati ya mnyororo, usiukate bure. *Akapita asiseme neno* ina mwendo. *Akapita na hakusema neno* inachechemea.

Sasa *-me-* na *-ki-*. Kuna vitenzi vya hali ya mwili: kusimama, kukaa, kulala, kuvaa, kushika. *Alikuwa akivaa baibui* maana yake ndiyo kwanza anaipitisha kichwani. *Alikuwa amevaa baibui* ndiyo iko mwilini. Nimesoma miswada ambamo mhusika *alikuwa anakaa kwenye kiti* kwa kurasa tatu. Maskini, hajafika chini mpaka leo.

Baada ya kitenzi cha kuona, vipande hivi viwili hufanya kazi nzito zaidi:

*Salama alimwona baba akishuka.*
*Salama alimwona baba ameshuka.*

Katika ya kwanza alikuwa anatazama muda wote. Ameona nani alimpa nani mkono kwenye ngazi. Katika ya pili aligeuka akakuta baba yuko chini tayari, na yaliyotokea ngazini hakuyaona. Ikiwa baadaye hadithi itategemea kile alichokiona, silabi moja tu ndiyo iliyoamua.

*Hu-* nayo ina siri. *Alhamisi baba hurudi* inasema desturi hiyo ipo hata sasa. *Alhamisi baba alikuwa akirudi* inasema ilikwisha. Pengine baba mwenyewe amekwisha. Kwa Salama mtoto, tumia ya kwanza. Kwa Salama bibi, tumia ya pili, na msomaji ataanza kuomboleza kabla hujamwambia kuna msiba. Kumbuka tu kwamba *hu-* haibebi nafsi, kwa hiyo mtenda lazima awe ameshatajwa karibu.

*-na-* imekuwa mtindo: *Pantoni inagota. Watu wanashuka. Baba anashuka.* Inafaa kwa ndoto, kwa tukio fupi la hofu, kwa mtu anayesimulia kama mtangazaji wa mpira redioni. Shida ni kwamba *-ka-* haikai vizuri nyuma yake, kwa hiyo unabaki na *-na-, -na-, -na-* hadi sikio linachoka. Ukiichagua kwa hadithi nzima, andika sentensi ndefu zenye *-ki-* ndani yake ili upumue: *anashuka akiangalia chini, kapu likining'inia*.

Uvujaji wa mwisho wa nyakati ndio wa hatari: *Laiti Salama angejua yatakayomkuta.* Sentensi tamu, kila mtu anaipenda. Lakini nani anaisema? Salama wa miaka 11 hawezi. Umemwita msimulizi maizi aje kwa sentensi moja halafu aondoke. *Hakujua kwamba hiyo ndiyo jioni ya mwisho* ni hivyohivyo. Kama hadithi yako ni ya msimulizi maizi, karibu. Kama sivyo, futa, hata kama roho inauma.

Na maneno ya siku: *kesho* ni ya aliye ndani ya tukio, *kesho yake* ni ya anayesimulia kutoka mbali. *Leo* na *siku ile* vilevile. *Leo pantoni ilichelewa* inatuweka na Salama ukingoni hata kama kitenzi ni cha wakati uliopita.

Hatua ya 6: Mahali

Salama yuko upande wa Pangani. Kwa hiyo pantoni *inakuja*, haiendi. Mgeni *analeta* kapu, hapeleki. Baba *amefika*. Ukibadilisha kimojawapo, umevuka mto bila nauli.

Vionyeshi navyo viko hivyo. *Huyu mama* yuko karibu mno, karibu hata kuudhi. *Huyo mama* ni yule tuliyekwisha kumtaja, au anayesimama karibu na unayezungumza naye. *Yule mama* yuko mbali, kwa hatua au kwa moyo. Pia tazama nafasi: *mama yule* unamwonyesha kwa kidole, *yule mama* ni tunayemjua wewe na mimi, hahitaji kidole. Ukifungua hadithi na *yule mama* kabla hujamtaja, umemfanya msomaji ajihisi amechelewa kufika. Wakati mwingine ndicho unachotaka.

*Palikuwa kimya* ni pale hasa, ukingoni, panapojulikana. *Kulikuwa kimya* ni eneo zima. *Mlikuwa kimya* ni ndani: chumbani, kwenye pantoni. Hadithi nyingi hutumia *kulikuwa* kila mahali, na kila mahali pakawa ukungu.

Hatua ya 7: *Kumbe*, *eti*, *mbona* na *ka-* ya mdomoni

Si lazima uandike *Salama alijiuliza kwa nini mama yule alikuwa na kawa ya mama yake*. Andika tu: *Mbona kwenye kapu kuna kawa ya mama?* Hakuna alama za kunukuu, hakuna *alifikiri kwamba*, na bado kila msomaji anajua swali limetoka kwa nani. *Mbona* inataka mtu anayelalamika. *Eti* inataka mtu asiyeamini alichoambiwa: *Eti ni shangazi.* *Kumbe* ni mali ya aliyegundua sasa hivi.

*Kumbe* ya mtambaji wa hadithi ni jambo jingine. Yeye anajua tangu mwanzo, ila anajifanya amegundua pamoja na wasikilizaji: *kumbe yule mzee ni jini!* Ni mchezo halali, una utamu wake, lakini unamtaka msimulizi anayeonekana, mwenye sauti na mkono wa kupunga. Msimulizi aliyejificha nyuma ya bega la Salama hana ruhusa ya *kumbe* isipokuwa Salama naye ameshtuka.

Na *kavaa, kabeba, kafika* badala ya *amevaa, amebeba, amefika*: hii ni lugha ya mdomoni, nzuri sana, na ikiingia kwenye masimulizi inaleta harufu ya mtaa. Usiichanganye na *akafika*, ambayo ni hatua katika mnyororo. *Baba kafika* ni habari. *Baba akafika* ni tukio.

Hatua ya 8: Penseli, halafu sikio

Chapisha ukurasa, au uandike upya kwa mkono. Pigia mstari kila *a-* ambayo mwenyewe hajulikani ndani ya sekunde moja. Zungushia kila *-ka-*. Zikizidi tano bila *-li-* kuingia kati, simama hapo. Tia alama kwenye kila *yule*, *hapo*, *kuja*, *kwenda*. Kwa mimi, alama nyingi hujazana mahali pamoja, kwa kawaida pale nilipokuwa sijui hadithi inaelekea wapi.

Rasimu yangu sasa iko hivi:

*Alhamisi baba hurudi. Hushuka wa mwisho, begi begani, macho yakimtafuta Salama kati ya wauza karanga. Leo pantoni iligota na baba akawa wa kwanza kukanyaga mchanga. Nyuma yake akaja mama mmoja kabeba kapu la ukili. Mbona kwenye kapu kuna kawa ya mama? Yule mama akainama, akatabasamu. "Hujambo, mwanangu?" Mwanangu! Salama aliyaangalia maji. Ng'ambo, taa za Bweni zilikuwa zimeshawashwa, na pantoni ilikuwa ikigeuza, tupu.*

Kisha msomee mtu kwa sauti. Usimwulize kama imependeza. Watu wana adabu, watasema imependeza. Mwulize: ulipokuwa ukisikiliza, ulikuwa umesimama upande gani wa mto? Nilipomsomea dada yangu rasimu iliyotangulia hii, alifikiri kidogo akasema, "Bweni." Nilibisha. Nikarudi kwenye karatasi, nikatafuta mstari kwa mstari, nikaikuta kwenye sentensi ya tatu. Pantoni nilikuwa nimeiandikia *ikaenda*.